Sababu Iliyoandikwa kwenye Barua: Kuachishwa Kazi na Stahiki za Mfanyakazi wa Kacyiru

Mabishano ya kuachishwa kazi nchini Rwanda huanza na swali la haki: je, mwajiri alionea? Swali hilo ni halali, lakini mbele yake kuna jingine linaloamua mfuko wa mfanyakazi mapema zaidi: mwajiri ameandika sababu gani kwenye barua? Kacyiru, kata ya wizara, balozi na hoteli katika Wilaya ya Gasabo, inafaa kwa uchunguzi huu. Humo wamo mtumishi wa wizara, mhudumu wa hoteli na mlinzi wa getini. Wakipewa barua siku moja, kila mmoja ataondoka na chake.

Kwa sekta binafsi sheria inayotawala ni Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018. Tuchukue mlinzi aliyetumikia kampuni moja miaka 7, mshahara wake faranga 100,000 baada ya makato, na tuseme huo ndio wastani wake. Akipunguzwa kwa sababu za kiuchumi, anastahili notisi ya siku 30 na malipo ya mwisho wa ajira, yale yanayoitwa imperekeza. Kwa aliyetumikia kati ya miaka 5 na 10, imperekeza ni mishahara miwili, na inatakiwa ilipwe ndani ya siku 7 za kazi. Jumla, notisi ikilipwa kwa fedha, ni faranga 300,000. Barua ileile ikiandikwa "kosa kubwa", notisi hakuna na imperekeza hakuna. Anabaki kudai mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo aliyolimbikiza. Maneno mawili yamemwokolea mwajiri miezi mitatu ya mshahara.

Sheria haikulala kabisa hapo. Mwajiri anayedai kosa kubwa anapaswa kumwarifu mfanyakazi kwa maandishi, pamoja na sababu, ndani ya saa 48, na orodha ya makosa hayo ilitolewa kwa amri ya waziri mnamo Machi 2020. Kwa hiyo cha kwanza kusomwa ni kalenda: kosa linadaiwa kutokea lini, lilithibitishwa lini, barua ilitoka lini. Nimeona hoja nzuri za utu na miaka ya utumishi zikielezwa kwa machozi huku tarehe mbili zinazopingana zikiachwa bila kuguswa.

Tatizo liko kwenye bei ya kushindwa. Mahakama ikiona mfanyakazi ameachishwa isivyo halali, fidia haipungui mishahara 3 baada ya makato na haizidi 6. Kwa aliyemtumikia mwajiri mmoja zaidi ya miaka 10, ukomo ni 9. Kabla ya kufika mahakamani lazima shauri lipite kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kisha kwa mkaguzi wa kazi. Kesi ichukue mwaka au zaidi, mizani haibadiliki. Mwajiri mwenye hesabu anajua kwamba wengi hawafiki mahakamani, na kwamba anayefika atamgharimu kiasi kinachotabirika. Watetezi wa ukomo husema ndio unaowapa wawekezaji uhakika. Sawa, lakini uhakika huo umewekwa upande mmoja. Kenya nayo ina ukomo, ila ni mishahara 12 chini ya sheria ya 2007, wakati sheria ya Tanzania ya 2004 ilianza kwa kuifanya miezi 12 kuwa kiwango cha chini. Kwa mlinzi wetu, ushindi mkubwa kabisa ni faranga 600,000, pamoja na notisi na huenda gharama za wakili.

Ndiyo maana ngazi ya mkaguzi wa kazi ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mkaguzi haamui kama hakimu, anasuluhisha. Lakini meza yake ndiyo pekee ambayo mtu anaweza kuifikia kabla kodi ya nyumba ya mwezi wa pili haijadaiwa. Kinachomsaidia hapo ni mkataba, taarifa za benki au za simu zinazoonyesha mshahara ukiingia, na michango iliyotangazwa kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB. Kampuni ndogo mara nyingi haina mwakilishi aliyechaguliwa, na hatua ya kwanza ya usuluhishi inakuwa kumwomba bosi aliyekufukuza akusikilize.

Baada ya hapo je? RSSB inasimamia pensheni, ajali za kazini, uzazi na bima za afya. Fao la kukosa ajira halimo. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mfanyakazi, na mpango ni kufikia asilimia 20 mwaka 2030. Aliyeachishwa akiwa na miaka 40 amechangia yote hayo kwa ajili ya uzee ulio mbali, na leo hana kitu.

Haiwezi kusemwa kwamba wazo la kumlipa aliyepoteza kazi ni geni. Sheria ya watumishi wa umma ya 2013 ilimpa aliyepoteza nafasi kwa sababu ya marekebisho ya muundo theluthi mbili za mshahara kwa miezi 6. Serikali iliona mtumishi wake hawezi kuachwa hewani. Ng'ambo ya barabara, mhudumu wa hoteli aliachwa. Tanzania, kupitia mageuzi ya mifuko mwaka 2018, iliweka fao la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18.

Nchini Rwanda, sehemu ya nyongeza ya michango inayokuja ingeweza kutengwa kwa ajili ya fao kama hilo. Lakini fao la Tanzania halimfikii aliyejiuzulu, na Rwanda ikiiga bila kufikiri, sharti la namna hiyo litarudisha kalamu mkononi mwa mwajiri: ataandika "kosa kubwa" au atamshinikiza mtu asaini barua ya kujiuzulu. Fao lianze kulipwa kwa cheti cha muda cha mkaguzi wa kazi, atakachotoa baada ya kusikia pande zote mbili, na mwajiri atakayeonekana kupotosha sababu airudishie RSSB ilicholipa, nje ya ile mishahara 6.