Kabla ya Bwana Nyama

Mwindaji Mbegha hakuingia Usambara kwa vita. Simulizi alizoandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi zinaeleza kwamba mwindaji huyo alitoka milima ya Ngulu, ambayo leo imo Wilaya ya Kilindi. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao ya Wasambaa, akagawa nyama, nao wakampa utawala. Enzi ya Wakilindi, ukoo wake, ilianzia kwa mtu aliyejua kulinda shamba.

Karne ya 19 ndovu walisakwa kwa ajili ya pembe zao, zilizoteremshwa hadi Pangani na Saadani. Semboja, mwana wa mfalme Kimweri wa Usambara, aliweka makao Mazinde, kando ya njia ya misafara, akajipatia bunduki na nguvu. Lakini kilichowaweka wanyama mbali na vijiji vya Uzigua, nchi jirani, hakikuwa bunduki peke yake. Mashamba yalipakana, pori lilichomwa, na malisho ya ng'ombe yalizuia vichaka kurudi.

Kisha mambo yakafuatana. Sotoka iliua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakaja nzige, ikaja njaa. Mwaka 1896, watu wakiwa bado hoi, Gavana wa Kijerumani Wissmann alitoa sheria ya uwindaji iliyodai kibali. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu Uzigua, anaonyesha jinsi wenyeji walivyopoteza uwezo wa kuitawala ardhi yao: vichaka vikaota, mbung'o wakaenea. Waingereza, waliowafuata Wajerumani, walipounda Idara ya Wanyama mwaka 1919, ulinzi wa mashamba ulikwisha kuwa kazi ya serikali. Mkulima alisubiri afisa wa wanyama, Bwana Nyama, afike na bunduki.

Pori la Akiba la Mkomazi lilianzishwa mwaka 1951, likipakana na Tsavo ya Kenya, na mwaka 1988 wafugaji wakaondolewa humo. Ujangili nao ulikuwa umewamaliza tembo kwa kiasi cha kutisha, hadi biashara ya pembe ilipopigwa marufuku duniani mwaka 1989. Tembo wamerudi, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila wamemkuta mkulima ambaye hakurithi maarifa ya babu zake, na sheria haimruhusu kuyatumia yote.

Kanuni za wanyamapori zilizotungwa mwaka 2011 zinampa mkulima kifuta jasho mazao yakiliwa. Fedha hizo hazirudishi gunia la mahindi, wala hazimzuii tembo kurudi kesho.

Kinachomzuia kinajulikana. Sagalla, pembezoni mwa Tsavo, wakulima hutundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba. Kwingineko kamba za katani, itokanayo na mkonge ambao Wilaya ya Korogwe inao tele, huzungushwa kandokando ya shamba na kupakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kichaa. Mvua huuosha mchanganyiko huo, nayo hunyesha mahindi yakiwa bado shambani. Kwa hiyo oili na pilipili vinapaswa kuwa katika stoo ya kijiji kabla ya masika, na bajeti ya halmashauri ivihesabu pamoja na mbegu na mbolea.