Violezo vya XML katika huduma za wavuti

Kiolezo cha XML ni faili la maandishi lenye tagi zilizokwishaandikwa na nafasi zilizoachwa wazi, kama fomu inayosubiri kujazwa. Ombi likifika kwenye seva, programu huchota taarifa kutoka hifadhidata, huzijaza katika nafasi hizo, kisha hutuma hati iliyokamilika kwa programu iliyouliza. Mtindo huu ni mkongwe kuliko XML yenyewe. Kurasa za HTML zilikuwa zikitengenezwa hivyo tangu katikati ya miaka ya 1990, kwa PHP ya Rasmus Lerdorf na kwa ASP ya Microsoft. Shirika la W3C lilipoidhinisha XML tarehe 10 Februari 1998, zana zilikuwa tayari mkononi, na jibu la XML likaonekana kuwa ukurasa mwingine tu wenye tagi za majina mapya.

Kufanana huko kuliwaponza wengi. Kivinjari kikikuta HTML yenye kasoro hukisia na kuendelea. Kichanganuzi cha XML kikikuta kosa moja hutakiwa kusimama hapo hapo. Duka lililosajiliwa kwa jina la Juma & Wanawe lilitosha kuharibu jibu zima, kwa sababu katika XML alama ya & ina kazi maalumu, na ndani ya data ni lazima iandikwe &amp;. Kiolezo kilichobandika jina lile jinsi lilivyo kilifanya kazi vizuri kwa miezi, hadi siku mteja wa kwanza mwenye alama hiyo alipoingia.

Mstari wa kwanza nao ulikuwa na visa vyake. Tamko <?xml version="1.0"?>, likiwepo, lazima lianzie kwenye herufi ya kwanza kabisa ya hati. Mstari mtupu mmoja tu ukilitangulia, pengine uliosahauliwa mwishoni mwa faili jingine la PHP, hati hukataliwa. Tena PHP iliyoruhusiwa kutumia alama zake fupi ilidhani <? ni mwanzo wa msimbo wake yenyewe, ikakwama kwenye tamko hilo. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kulichapisha tamko kwa amri, kama maneno ya kawaida.

Huduma zenyewe zilizidi kuongezeka. Itifaki ya XML-RPC ilitoka 1998, na ile ya SOAP 1.1 ikachapishwa 2000 ikiwa na bahasha, kichwa na kiwiliwili. Kwa SOAP zilitengenezwa maktaba za kuunda ujumbe, lakini kunakili bahasha ya mfano na kuacha nafasi za kujaza kulibaki njia ya mkato iliyopendwa. Waliotaka usafi zaidi walikimbilia XSLT, iliyohaririwa na James Clark na kuidhinishwa Novemba 1999. Humo kiolezo chenyewe ni hati ya XML, na data hushughulikiwa kama mti wenye matawi. Ilikuwa njia safi, ila ngumu kwa aliyetaka jibu la mistari kumi.

Suluhisho lililopendeza zaidi lilitoka kwa watu wa Ruby. Jim Weirich alitunga maktaba iitwayo Builder, na mfumo wa Rails, uliotoka 2004, ukaitumia katika violezo vyake vya XML. Katika kiolezo cha Builder hakuna tagi zinazoandikwa kwa mkono: mwandishi hutaja jina la tagi na thamani yake, nayo maktaba hufungua na kufunga tagi, na kubadilisha alama za hatari. Rails 1.1 ya mwaka 2006 iliongeza jambo jingine la maana: anwani moja iliweza kutoa HTML kwa kivinjari na XML kwa programu, kila umbo na kiolezo chake.

Mwaka huo huo wa 2006 JSON, namna nyingine ya kuandika data iliyoenezwa na Douglas Crockford, ilipata waraka wake wa RFC 4627. Iliingia kwenye JavaScript bila taabu, na huduma mpya zikaihamia. Twitter iliacha kutoa majibu ya XML ilipofunga toleo la kwanza la API yake mwaka 2013. Huku Kenya, Safaricom ilipoanzisha API ya Daraja mwaka 2017 kwa ajili ya M-Pesa, ilichagua JSON badala ya SOAP ya zamani.

XML haikutoweka. Milisho ya RSS na Atom ni XML, na hifadhi ya Amazon S3, iliyofunguliwa 2006, ingali ikijibu kwa XML. Nchini Tanzania, taasisi zinazoomba namba ya malipo kutoka mfumo wa Serikali wa GePG hutuma ankara katika XML yenye saini ya kidijitali. Katika kazi ya namna hiyo kiolezo cha kawaida kina faida yake. Saini hukokotolewa juu ya maandishi yenyewe, na maktaba inayoupanga mti upya, ikiongeza nafasi moja baada ya kutia saini, huweza kuibatilisha. Kiolezo hutoa maandishi yale yale yaliyosainiwa, mradi kila thamani isafishwe kabla ya kujazwa.