Bei ya Kifaa na Gharama Yake



Wahenga wetu walisema rahisi huvunja upishi. Kwa miaka mingi mimi, mhandisi niliyezaliwa Mombasa na kusomea ughaibuni, niliubishia msemo huo. Katika kazi yetu kifaa rahisi ndicho mwalimu bora, kwa sababu mwanafunzi haogopi kukiharibu. Leo nawasimulia historia ya vifaa viwili rahisi vya mkononi, kimoja cha nyumbani na kimoja cha huku, ambavyo vilinifanya niwaombe wahenga radhi.

Cha nyumbani ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Wakenya waliiita mulika mwizi na Watanzania kitochi, kwa ajili ya taa yake. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kwa mtu anayependa kuandika programu, simu hiyo ilikuwa nyumba isiyo na mlango: haikukubali hata Java, kwa hiyo huwezi kuiwekea kitu chako. Lakini ilikuwa na dirisha moja, nalo ni ujumbe mfupi wa herufi 160. Ukiweka programu yako kwenye kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa simu, mwenye mulika mwizi anaweza kuitumia kwa kidole gumba tu.

Mwaka 2006 mtafiti Nathan Eagle wa MIT, Marekani, alihamia Kenya na kuanza kufundisha uandishi wa programu za simu katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mradi wake uliitwa EPROM. Wanafunzi waliandika kwa Java na Python, wakajaribu kazi zao kwenye simu. Hoja ya mradi ilikuwa nyepesi kueleza: kompyuta ambayo Mwafrika wa kawaida anayo tayari ni ile iliyo mfukoni mwake.

Moja ya kazi zilizotokana na juhudi hizo ilifanyika kwetu Pwani, Kilifi, ambako Eagle aliishi. Hospitali za mashambani zilikuwa zikiishiwa damu bila benki ya damu kujua mapema. Ikatengenezwa programu: muuguzi atume kwa ujumbe mfupi kiasi cha damu kilichobaki, na wahusika wa benki wakione papo hapo. Wiki ya kwanza wauguzi wakatuma. Wiki ya pili wakapungua. Mwezi ulipokwisha, karibu wote walikuwa wamenyamaza.

Mhandisi akiona hivyo hukimbilia kutafuta kosa katika programu. Programu haikuwa na kosa. Kila ujumbe ulikatwa kwenye salio la muuguzi mwenyewe, kwa mshahara wake ule ule. Tulichokiita huduma, kwake kilikuwa makato ya mshahara. Tiba ilikuwa mistari michache ya programu: ujumbe uliotumwa sawasawa ukifika, mtumaji anarudishiwa muda wa maongezi kidogo. Wauguzi wakarudi. Kutokana na somo hilo, Eagle na wenzake wakaanzisha kampuni ya txteagle, iliyojulikana mwaka 2009, ya kulipa watu kwa kazi ndogo ndogo za simu.

Sasa kifaa cha huku. Chini ya chapa ya Girl Tech kiliuzwa kidude cha rangi ya waridi kiitwacho IM-Me, cha wasichana kuandikiana ujumbe. Kilikuwa na skrini, vitufe vya herufi zote, na ndani yake chipu ya Texas Instruments, CC1110, yenye redio na kompyuta ndogo pamoja. Wapenda vifaa waligundua kwamba sehemu za kuingizia programu zinafikika pale pale panapokaa betri. Unafuta ya kiwandani, unaweka yako. Mwaka 2010 Mmarekani Michael Ossmann alionyesha jinsi alivyokigeuza kidude cha dola 16 kuwa kipimo cha kuonyesha mawimbi ya redio yaliyo hewani, kazi ambayo vyombo vya maabara huifanya kwa maelfu ya dola.

Nami nilikipata kimoja mwaka 2012, katika duka la mitumba hapa Toronto. Usiku ule sikulala. Nilizunguka jikoni nikitazama mawimbi yakipanda na kushuka mkononi mwangu kama mtoto aliyepewa kurunzi. Asubuhi nilikuwa nimeshaamua: nitakusanya vidude kama hivi, nijaze sanduku, nipeleke katika shule anayofundisha dada yangu huko Pwani. Nikampigia simu, akafurahi, akawaambia wanafunzi.

Ndipo nikakaa chini kufanya hesabu ambayo ningepaswa kuanza nayo. Vidude vya Amerika Kaskazini hutumia masafa ya megahezi 902 hadi 928, ambayo huku yameachwa wazi kwa vifaa vidogo. Nyumbani, simu za GSM hutumia megahezi 890 hadi 915 kupeleka mawasiliano kutoka mkononi hadi mnarani. Zawadi yangu ingeingia katika njia ya simu za majirani wa shule, na wanafunzi wangelaumiwa kwa kosa langu. Nililazimika kumpigia dada tena. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, basi waambie wewe mwenyewe."

Niliwaambia. Kisha mimi na marafiki wachache tukafanya jambo dogo zaidi: simu za kawaida zikanunuliwa huko huko, na kila muhula tukachanga fungu la muda wa maongezi. Wanafunzi wakaandika programu ya mzazi kuuliza mahudhurio ya mwanawe kwa ujumbe mfupi. Wa kwanza kuuliza gharama ya ujumbe atailipa nani alikuwa msichana wa kidato cha pili. Hakuwa amesikia habari za Kilifi.

Ndugu zangu wa ughaibuni, sisi ni hodari wa kujaza masanduku. Kabla ya kulifunga la safari ijayo, tuulize mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye kibandiko cha bei: kifaa hiki kitaruhusiwa na mawimbi ya huko, na kila kitakapotumika, salio litakatwa kwa nani?