Gitaa Moja, Bendi Nzima

Katika hoteli nyingi za Dubai, kuanzia zile za zamani za Deira hadi za maghorofa marefu ya Marina, bendi ya jioni siku hizi ni mtu mmoja. Ana gitaa, ana kipaza sauti, na miguuni pake pana kibao chenye pedali mbili tatu. Anakanyaga swichi, anapiga chodi nne, anakanyaga tena. Mzunguko wa pili ukianza, besi imeshaingia chini yake na dramu zinagonga. Wageni wanaendelea kula, na wachache hugeuka kumtafuta mpiga besi alipokaa.

Wanamuziki wa kwetu wakilizungumzia jambo hili husema mashine imeua bendi. Lawama hiyo ina ukweli wake, nami nitaifikia. Lakini shauri la mtu mmoja kubeba ngoma nzima ni la zamani kuliko umeme, na sehemu kubwa ya historia yake iko Afrika Mashariki na Ghuba, mbali na viwanda vya Japani na Marekani vilivyotengeneza pedali hizo.

Mtazame mpiga nyatiti wa Kijaluo. Amekaa kwenye kigoda kifupi, ala yenye nyuzi nane imelala mbele yake, na mikono miwili inadonoa nyuzi. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye ukingo wa ala. Mguuni amefunga njuga, gara, zinazolia kila mguu unapotikisika. Mdomo unaimba. Hapo pana wimbo, nyuzi, mgoto wa chuma kwenye ukingo wa ala na mlio wa njuga, vyote kutoka mwili mmoja. Mguu umepewa kazi ya kutunza wakati ili mikono iwe huru. Marehemu Ayub Ogada, aliyeipeleka nyatiti kwenye majukwaa ya dunia, alikuwa mrithi wa mfumo huo. Mhandisi anayechora pedali ya dramu leo anatatua swali lilelile: mikono imejaa, nani atashika mdundo?

Ghuba nayo ina jibu lake. Waafrika waliofika kwenye mwambao huu, wengi wao kwa nguvu za utumwa, walikuja na ngoma zao. Leiwa inachezwa mpaka leo katika Falme za Kiarabu na Oman, zumari likiongoza na msondo na chapuo zikijibu, na mtu wa Lamu au wa Unguja akiisikia hahitaji kuelezwa imetoka wapi. Ndugu yake ni nubani, ngoma ya tanbura, kinubi cha nyuzi sita chenye asili ya Unubi. Humo mchezaji mmoja hufunga kiunoni manjur, mkanda ulioshonewa kwato za mbuzi, na akitikisa nyonga kwato zinagongana kwa mdundo mmoja mzito. Leiwa na nubani ni ngoma za kundi, si za mtu mmoja. Lakini ndani yake umo uelewa kwamba mwili wenyewe ni ala, na kwamba mdundo unaweza kuvaliwa.

Gitaa lilipoingia Afrika Mashariki na Kati likaangukia kwenye mikono iliyokwisha kujua hayo. Mwezi wa Februari 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana wa Katanga huko Kongo, Mwenda Jean Bosco, katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Wimbo wa Masanga ukatoka hapo. Bosco alipiga kwa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lilitembea kwenye nyuzi nene likiwa besi. Cha shahada kilichonga sauti ya juu, na pale viwili hivyo vilipopishana ukazaliwa mdundo wa tatu ambao hakuna kidole kilichoupiga peke yake. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alikaa akaziandika nota za upigaji huo mstari kwa mstari, akachapisha uchambuzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ukiutazama utaona kwamba Bosco hakuwa na haja ya mpiga besi. Alikuwa naye ndani ya gumba. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani, na mwaka 1990 alifariki dunia katika ajali ya gari nchini Zambia.

Bosco na mwenzake Edouard Masengo waliwahi kuishi Nairobi, na redio zilisambaza upigaji wao. Magharibi mwa Kenya tayari palikuwa na omutibo, mtindo wa Waluhya ambao George Mukabi wa Kisa aliufikisha kileleni kabla ya kifo chake mwaka 1963. Hapo mdundo ulitoka kwenye chupa ya soda iliyogongwa na kukwaruzwa kwa kipande cha chuma. Gitaa moja, chupa moja, na watu wakacheza mpaka alfajiri. Kwa Wagikuyu, mwomboko ulikuwa na kinanda cha mkono na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa. Ukizisikiliza rekodi za zama hizo hutasikia upungufu. Bendi haikuwapo kwa sababu ilikuwa ghali, lakini muziki ulikuwa kamili.

Ng'ambo nako watu walihangaika. Jesse Fuller, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Georgia mwaka 1896, alichoka kutafuta wenzake wa kupiga nao, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akajitengenezea ala aliyoiita fotdella. Ilikuwa na nyuzi sita za piano zilizogongwa kwa vinyundo vya kukanyaga. Mguu mmoja ulipiga besi, mwingine ukapiga tasa, mikono ikashika gitaa la nyuzi kumi na mbili na mdomo ukashughulika na kinanda cha mdomo. Nyatiti tupu, ingawa Fuller huenda hakuwahi kuisikia.

Kisha umeme ukaingia. Mwaka 1959 kampuni ya Wurlitzer iliuza Side Man, kabati lililopiga ngoma lenyewe, lililokusudiwa wapiga ogani wa kwenye kumbi ndogo na nyumbani. Japani, Ikutaro Kakehashi wa Ace Tone alitoa Rhythm Ace mwaka 1967, akaanzisha Roland mwaka 1972, na mwaka 1980 ikatoka TR-808 ambayo muziki wa dunia haujaiacha mpaka leo. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mashine ya ngoma haikubuniwa kwa ajili ya disko wala rap. Ilibuniwa kwa ajili ya mpigaji mpweke wa ukumbini au nyumbani, na kwa hiyo ilipofika kwenye hoteli za Dubai ilikuwa imefika kwenye kazi yake ya asili.

Waafrika hawakukawia kuishika. Francis Bebey wa Kamerun, mwandishi na mpiga gitaa hodari, alijifungia nyumbani kwake Paris miaka ya 1970 na 1980 akirekodi gitaa, filimbi na kalimba juu ya mdundo wa mashine. Wakongo waliorekodi soukous huko Paris miaka ya 1980 nao waliweka mashine mahali pa dramu, na mashabiki wa Dar es Salaam na Nairobi wakacheza bila kuuliza. Zanzibar na Dar, taarab ya kisasa ya miaka ya 1990 ikakibebesha kinanda cha umeme mzigo wa watu wengi.

Mfano ulio karibu zaidi na pedali za leo, hata hivyo, ulizaliwa kwenye baa za Nairobi na Kenya ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulishamiri mugithi, mtindo wa Kigikuyu, wa gitaa moja. Mwimbaji kama Mike Rua au Salim Junior alisimama na gitaa lake, mara nyingi na mdundo wa mashine nyuma yake, akaunganisha nyimbo za kale za Kigikuyu na za kantri bila kukatiza, huku wachezaji wakishikana viuno na kuzunguka ukumbi kama mabehewa. Wakati huo uchumi ulikuwa umebana na bendi za watu kumi na wawili zilikuwa zikivunjika. Mwenye baa alihitaji muziki wa moja kwa moja kwa malipo ya mtu mmoja. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotawala Dubai sasa.

Pedali zenyewe zilikuja kwa hatua. Mwaka 1982 Boss walitoa OC-2, inayoishusha sauti ya gitaa kwa oktava moja au mbili hadi ifanane na besi. Mwaka 1994 Lexicon walitoa JamMan, iliyonasa sekunde 8 za muziki na kuzirudia kama lupu. Mwaka 2001 Boss RC-20 ikafikisha dakika 5 na nusu. Hapo mpigaji akapata njia ya kujitosheleza: anagonga mwili wa gitaa kwa kiganja kupata dramu, ananasa, anawasha oktava na kupiga besi, ananasa juu yake, kisha anaimba. Julai 2015 mwimbaji Ed Sheeran alijaza uwanja wa Wembley siku tatu mfululizo akiwa peke yake na pedali za namna hiyo.

Lupu ina kasoro moja kubwa: hadhira lazima ingoje nyumba ijengwe tofali kwa tofali. Ndipo zikaja pedali zinazojenga zenyewe. BeatBuddy ya kampuni ya Singular Sound, iliyotoka mwaka 2014, ni mpiga dramu ndani ya kisanduku: kanyaga mara moja upate mpito, shikilia ubadilishe kipande. Mwaka uliofuata DigiTech walitoa Trio, ambayo husikiliza. Unapiga chodi zako mara moja, inazitambua pamoja na mwendo wake, kisha inapanga besi na dramu juu yake papo hapo. Mwenye kuitumia anashauriwa kupeleka besi na dramu kwenye mikisa ya ukumbi kwa waya wa peke yake, kwa kuwa spika ya gitaa haikutengenezwa kubeba besi, na watu wengi huilaumu pedali kwa kosa la spika.

Kwa nini Dubai? Mwajiri wa bendi ya watu sita anadaiwa viza sita, vitanda sita, na bima ya afya sita, kwa kuwa Sheria Na. 11 ya mwaka 2013 ya Dubai inamlazimu mwajiri kumkatia bima mfanyakazi wake. Mtu mmoja mwenye begi la pedali anapunguza yote hayo. Barabarani huwezi kusimama na kupiga bila kibali, kwa hiyo karibu kazi zote zinapatikana ndani ya kuta za hoteli na mikahawa, isipokuwa nafasi chache rasmi kama tamasha la muziki katika vituo vya Metro. Na mji wenyewe ni soko. Tangu bandari ya Jebel Ali ilipofunguliwa mwaka 1979 na eneo huru lake mwaka 1985, spika, vinanda na amplifaya nyingi za Kariakoo na Darajani zimepitia hapa. Hata umeme unamrahisishia Mswahili, kwa kuwa soketi za Dubai ni za pini tatu za Kiingereza, sawa na za Mombasa na Unguja, na adapta ya pedali inachomekwa bila kutafuta kiunganishi.

Sasa nirudi kwenye lawama. Ni kweli kwamba mpiga dramu na mpiga besi wamepoteza viti katika hoteli za Dubai, na katika hoteli za Diani na Nungwi pia, ambako zamani bendi nzima zililishwa na watalii. Siwezi kumwambia mpiga tumba aliyerudishwa nyumbani kwamba haya ni maendeleo. Lakini kosa kubwa zaidi naliona kwingine. Trio ya kwanza ilikuja na mitindo saba: bluzi, pop, roki, roki mbadala, kantri, R&B na jazi. Humo hamna sebene, chakacha, benga wala omutibo. Mpigaji wa kwetu akikanyaga swichi analazimika kuchagua kati ya nyumba saba za watu wengine. Akipiga kwa vidole viwili kama Bosco, nyuzi zikipishana badala ya kusimama kama chodi, mashine inachanganyikiwa, kwa kuwa inasubiri chodi zilizo wazi. Jioni baada ya jioni mkono unajirekebisha ili mashine iuelewe, na baada ya miaka michache gumba limesahau kazi yake ya besi. Nadhani hasara hiyo ni nzito kuliko viti vilivyopotea, maana kiti kinaweza kurudi msimu ukibadilika, ila upigaji ukishatoka mikononi mwa kizazi kizima haurudi kirahisi.

Dawa ipo na haihitaji kiwanda. BeatBuddy inaruhusu mtumiaji kuweka midundo na sauti zake kupitia programu ya kompyuta na kadi ndogo ya kumbukumbu. Lupu inanasa chochote kinacholia mbele yake. Ngoma ya vugo, msondo wa leiwa, chupa ya Mukabi na oduong'o la nyatiti vyote vinaweza kuingia kwenye kisanduku hicho, kwa mkono wa mtu anayevijua. Mpiga gitaa uliye Dubai, ukienda likizo Kisumu, Lamu au Bagamoyo, mtafute mpiga ngoma, mrekodi sawasawa, mlipe, na uandike jina lake kila unapoutumia mdundo wake.