Kisu cha Kukunja na Kazi Yake: Kutoka Sheffield hadi Sebenza



Historia tuliyofundishwa darasani ilikuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya wafalme, vita na mikataba. Makala haya yanataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni, nacho ni kisu cha kukunja. Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Wahenga walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, lakini hawakutuambia ni nani aliyekifua kisu hicho, ni nani aliyekinoa, wala mpini wake ulitoka wapi. Tukiyauliza maswali hayo tutafika mbali, na katika safari hiyo tutakutana hata na wapagazi wa nchi yetu wenyewe.

Kisu cha kawaida ni ubapa na mpini. Kisu cha kukunja kina kitu cha tatu, nacho ni kiungo, mfano wa bawaba ya mlango. Ubora wote wa kisu cha namna hii umo katika kiungo hicho. Ubapa ukiwa mzuri namna gani, kiungo kikilegea kisu hakifai, na tena ni hatari kwa vidole vya mwenyewe.

Visu vya kukunja ni vya zamani sana. Huko Hallstatt, katika nchi iitwayo leo Austria, kilipatikana kisu cha kukunja chenye mpini wa mfupa, ambacho umri wake hukadiriwa kupita miaka 2,500. Warumi nao walikuwa navyo. Lakini visu hivyo vya kale havikuwa na springi. Ubapa ulikaa wazi kwa kubanwa na mpini na kwa nguvu za mkono tu. Katika karne ya 17 mafundi wa Ulaya walianza kutia springi mgongoni mwa mpini, ikaukandamiza ubapa usijikunje ovyo. Hapo ndipo kisu cha mfukoni tunachokijua kilipozaliwa.

Mji uliojipatia sifa kuliko yote kwa kazi hii ni Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Mji huo ulijaliwa mito ya kuzungusha magurudumu, na mawe ya kunolea yalichimbwa katika vilima vya jirani. Tangu mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Chaucer alikwisha mtaja msaga nafaka aliyebeba kisu cha Sheffield katika soksi yake. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuanzisha chama cha mafundi visu wa wilaya ile, ili kulinda ubora wa kazi na alama za kila fundi. Kisha katika miaka ya 1740 fundi saa mmoja, Benjamin Huntsman, akitafuta chuma bora cha springi za saa zake, alivumbua njia ya kuyeyusha chuma cha pua katika vyungu vya udongo hadi kikawa sawa sawa ndani na nje. Chuma hicho kiliwafaa mno mafundi wa visu, kwani walihitaji ubapa unaoshika makali na springi isiyovunjika.

Kisu kimoja cha Sheffield kilipita katika mikono mingi. Mmoja alifua ubapa na kuutia matiko. Wa pili aliunoa kwenye jiwe kubwa lizungukalo. Wa tatu aliunganisha ubapa, springi na mpini kwa misumari, akavipatanisha. Wengi wao walikuwa mafundi wadogo waliokodi chumba na jiwe, wakafanya kazi kwa malipo ya kila dazeni.

Hapana budi tuseme pia gharama yake. Vumbi la jiwe na la chuma liliingia mapafuni mwa wanoaji. Daktari Knight wa Sheffield, ambaye maneno yake yalinukuliwa na Friedrich Engels katika kitabu chake cha mwaka 1845 juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alieleza kwamba walionoa kwa mawe makavu kwa nadra walifika umri wa miaka 35, na walionoa kwa mawe yenye maji kwa nadra walipita miaka 45. Basi yule bwana aliyefungua kisu chake kuchonga kalamu ya unyoya hakujua, au hakutaka kujua, kwamba makali yale yalinunuliwa kwa pumzi ya kijana mwenziwe.

Na mpini? Hapa ndipo sisi tunapoingia katika hadithi. Visu vya fahari vilivikwa pembe za ndovu. Kampuni ya Joseph Rodgers and Sons, iliyotengeneza kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 kisu chenye bapa na vifaa 75, ilijulikana pia kwa ghala lake lililojaa pembe. Si kila pembe iliyofika Sheffield ilitoka kwetu, maana nyingine zilitoka pande nyingine za Afrika. Hata hivyo, Unguja katika karne ya 19 ilikuwa soko kuu la pembe katika Afrika Mashariki, na London ilikuwa mojawapo ya miji iliyozipokea. Pembe hizo zilitoka bara kwa njia ya Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, juu ya mabega ya wapagazi, safari ya miezi kadhaa. Biashara hiyo ilikwenda sambamba na biashara ya watumwa, wala hatuwezi kuitenga moja na nyingine. Karne nzima baadaye, Julai 1989, Serikali ya Kenya iliteketeza kwa moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu baina ya nchi na nchi.

Turudi kwenye ubapa. Adui mkuu wa kisu cha zamani alikuwa kutu. Mwaka 1913 Harry Brearley, mwana wa Sheffield aliyeanza kazi akiwa mtoto katika kiwanda cha chuma, aliyeyusha chuma chenye kromiamu kiasi cha asilimia 12.8, akaona kwamba hakiliwi upesi na asidi. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Akapata chuma cha mezani. Chuma kisichoshika kutu kikaenea duniani, na kazi ya kumtunza bibi kisu ikapungua nusu. Lakini Sheffield yenyewe ilififia, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa ushindani wa viwanda vya nje na mashine. Stan Shaw, mmoja wa mafundi wadogo wa mwisho waliotengeneza kisu cha kukunja kwa mikono yao tangu mwanzo hadi mwisho, alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 94.

Ufundi ulihamia kwingine. Ufaransa walikuwa na Opinel tangu 1890, kisu cha bei nafuu chenye mpini wa mti, kilichoongezewa pete ya kufungia ubapa mwaka 1955. Marekani, kampuni ya Buck ilitoa mwaka 1964 kisu namba 110, chenye komeo mgongoni mwa mpini, kikawafaa sana wawindaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fundi wa Kimarekani Michael Walker aliboresha komeo la namna nyingine: bamba jembamba lililo ndani ya mpini hujisukuma nyuma ya ubapa mara ufungukapo, likauzuia usirudi.

Ndipo akaja Chris Reeve, mzaliwa wa Durban, Afrika Kusini, fundi wa kutengeneza vifaa vya mashine, aliyehamia mji wa Boise nchini Marekani mwaka 1989. Yeye aliliondoa lile bamba jembamba, akaufanya upande mmoja wa mpini wenyewe kuwa komeo. Mpini wake ni wa titani, madini yenye uzito wa kiasi cha nusu na kidogo ya chuma, yasiyoshika kutu. Kisu hicho, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, alikiita Sebenza. Neno hilo ni la Kizulu, na maana yake ni kufanya kazi. Wazulu husema ukusebenza, na ile uku yao ni ndugu ya ku yetu katika kusoma na kulima. Kwa hiyo kisu kimojawapo chenye heshima kubwa duniani leo, ambacho kipya huuzwa zaidi ya dola 400 za Kimarekani, kina jina la Kibantu. Wengi wameiga komeo lake.

Jina hilo lina somo. Katika kisu cha Sheffield misumari iligongwa ikafungwa kabisa. Kukipatanisha ilikuwa kazi ya fundi, na mwenye kisu hakuwa na la kufanya. Sebenza imefungwa kwa skrubu, na iliuzwa pamoja na ufunguo wake, ili mwenyewe aifungue, aisafishe, airudishe. Kazi ya yule fundi wa tatu imehamia mikononi mwa mwenye mali.

Yafaa basi nieleze kazi yenyewe kwa ufupi. Kwanza, mwenye kisu akikague. Afungue ubapa, aushike ncha yake kwa uangalifu, auyumbishe kushoto na kulia. Ukicheza, skrubu ya kiungo imelegea. Kisha akikunje na kutazama: je, ubapa unalala katikati ya mpini, au umeegemea upande mmoja? Ukiegemea, mara nyingi ni uchafu au wosha iliyopinda, wala si kosa la kukaza tu. Skrubu hukazwa kidogo kidogo, robo ya mzunguko au pungufu, na kujaribiwa kila mara, mpaka ubapa uende bila kucheza na bila kukwama. Baadhi ya visu, pamoja na Sebenza za awali, vina mrija mfupi wa chuma kwenye kiungo uliokatwa kwa kipimo, hata skrubu ikazwapo mpaka mwisho ubapa huwa huru.

Pili, usafi. Vumbi na nyuzi za mfuko huingia kiungoni. Vifutwe kwa kitambaa kikavu, kisha tone moja la mafuta mepesi latosha. Mafuta mengi hukusanya mchanga. Uso wa komeo usipakwe mafuta, maana komeo hushika kwa kukwaruzana. Mwenye kisu cha kale chenye mpini wa pembe au mti asikiloweke majini kamwe, kwani mpini utapasuka.

Tatu, makali. Kinoo kiwe bapa na kilowe, na ubapa ushikwe kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, pande zote mbili sawa. Chuma cha kisasa kama kile cha S30V, kilichotengenezwa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001 kwa ushauri wa huyo huyo Reeve, kina vanadiamu asilimia 4, nacho ni kigumu kunoleka kwa jiwe la kawaida. Ni afadhali kukipitisha kinoo kidogo mara kwa mara kuliko kungoja kiwe butu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vijana mlio shuleni, nawaomba mnisikilize. Haya si maneno ya kuwatia tamaa ya kubeba visu. Huko huko Uingereza, nchi ya Sheffield, sheria ya mwaka 1988 huruhusu mtu kutembea hadharani na kisu kidogo cha kukunja kisichozidi inchi 3 za makali, na mahakama zimeamua kwamba kisu chenye komeo hakimo katika ruhusa hiyo, isipokuwa mtu awe na sababu ya haki. Kisu mahali pake ni jikoni, shambani na karakanani. Bwenini si mahali pake.

Nanyi wazee wenzangu, baadhi yenu mnavyo majumbani visu vya kukunja vilivyoachwa na baba zenu, vimelala sandukuni na kutu. Vitoeni. Soma alama iliyopigwa kwenye shina la ubapa, utajua kilitoka mji gani. Kisafishe, kitie tone la mafuta, mwoneshe mjukuu jinsi ya kukinoa bila kujikata. Mnoaji wa Sheffield na mpagazi wa Tabora hawakuacha majina yao juu ya kisu. Waliacha kazi yao. Kuitunza ndiyo heshima tuliyo nayo ya kuwalipa.