Kutoka Mfuko wa Maziko Hadi Chama cha Wafanyakazi



Wengi wenu hutuuliza kwa nini chama cha kusaidiana, ambacho kazi yake ni kuzika wafu, kuwatazama wagonjwa na kuwalipia watoto karo, kijishughulishe na habari za wafanyakazi na migomo yao. Swali hili ni la haki, na mwaka huu lina uzito zaidi, kwa sababu katika Mkutano Mkuu tutapiga kura juu ya shauri la kuufungua Mfuko wetu wa Maziko kwa kila mfanyakazi wa mji huu wa Eldoret, awe ametoka upande gani wa nchi. Kabla ya kupiga kura, yatupasa tutazame nyuma.

Uingereza ndiko viwanda vya mashine vilikoanzia. Watu waliacha mashamba wakaenda mijini kusokota pamba na kuchimba makaa, wanaume, wanawake na watoto wadogo. Walipoanza kuungana ili wadai mshahara bora, Bunge lilitunga sheria mwaka 1799 na tena mwaka 1800 za kuwakataza. Lakini sheria nyingine, ya mwaka 1793, ilivikubali vyama vya kusaidiana, ambavyo watu walichanga peni zao ili wapate msaada katika ugonjwa na maziko. Basi wafanyakazi walifanya lile lililoruhusiwa. Katika vyama hivyo walijifunza kuchagua mwenyekiti, kuandika kumbukumbu, kutunza hesabu na kuaminiana, na mara nyingine sanduku la maziko lilikuwa pia sanduku la mgomo.

Hata baada ya sheria za kukataza umoja kufutwa mwaka 1824, taabu haikwisha. Katika kijiji cha Tolpuddle vibarua wa mashamba walilipwa shilingi 9 kwa juma. Matajiri wakazipunguza hata zikawa 7, wakatishia kuzifanya 6. Mwaka 1833 vibarua wakaunda chama cha kusaidiana, na kiongozi wao, George Loveless, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Mwezi wa Machi 1834 watu sita miongoni mwao walihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka saba. Hawakuchoma ghala wala hawakumpiga mtu. Kosa lao lilikuwa kiapo cha siri walichoapa walipojiunga. Wafanyakazi wa London wakaandamana kwa maelfu, na mwaka 1836 Serikali ikawasamehe wale sita.

Tena palikuwa na sheria ya bwana na mtumishi. Tajiri akivunja mapatano, alidaiwa fedha tu. Mfanyakazi akiacha kazi kabla ya muda wake kwisha, aliweza kufungwa gerezani kama mwizi. Vyama vya wafanyakazi vilipigana na sheria hiyo miaka mingi, hata ikaondolewa mwaka 1875.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1906, yaani miaka 31 baada ya kuzikwa Uingereza, sheria ya namna ile ile ilipandwa katika nchi hii. Mwafrika aliyeacha kazi ya tajiri wake bila ruhusa alihesabiwa mtoro, akashtakiwa mbele ya hakimu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilikuja kipande, kilichobeba alama za vidole, majina ya matajiri na kiasi cha mshahara, nacho kilivaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Katika mashamba makubwa kama yale ya Uasin Gishu, maskwota walifungwa kwa sheria ya mwaka 1918, iliyowataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka ili waruhusiwe kulima kipande cha ardhi na kuchunga mifugo yao. Kwa hiyo reli ilipofika Eldoret mwaka 1924 na mji ukaanza kukua, mfanyakazi wa hapa alikuwa katika hali ambayo Mwingereza alikuwa ameiacha zamani.

Watu wetu nao walianza pale walipoanzia wale wa Uingereza. Katika miji ya Kenya palitokea vyama vya kusaidiana vya watu wa kabila moja au wilaya moja, vya kupeleka maiti nyumbani na kumpokea kijana mgeni asiye na pa kulala. Hatuvidharau hata kidogo, kwani chama chetu ni ndugu yao. Lakini havikuweza kuongeza mshahara, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa.

Hayo yalionekana Mombasa mwezi wa Januari 1947. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, waliacha kazi siku karibu kumi na mbili. Walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na wa bara, nao walikutana kila siku katika uwanja walioutia jina la Kiwanja cha Maskini. Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwasihi warudi kazini, na baraza la usuluhishi likawaongezea mishahara. Kiongozi wao, Bwana Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akahamishiwa Kabarnet, ng'ambo ya Bonde la Kerio, si mbali na hapa tuandikapo.

Bwana Makhan Singh, Mhindi aliyefika Kenya mwaka 1927, alikuwa ameonyesha njia hiyo mapema. Mwaka 1935 aliufungua mlango wa chama cha wafanyakazi kwa watu wa rangi zote. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Bwana Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, ambalo Serikali ilikataa kuliandikisha. Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakufunguliwa hadi Oktoba 1961, baada ya miaka kumi na moja na zaidi.

Hatuandiki haya ili tuwashauri wanachama wagome. Mgomo ni dawa kali. Wengine waliutumia wakapoteza kazi na nyumba, na viongozi wao wakapoteza miaka ya maisha. Tena siku hizi Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Jambo ambalo Loveless alipelekwa Australia kwa ajili yake, na Kibachia akapelekwa Kabarnet, kwetu limeandikwa katika sheria kuu ya nchi.

Lakini haki iliyoandikwa haimfai mtu asiyemwamini jirani yake. Mji huu uliona, mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, majirani wakifukuzana na nyumba zikiteketea, na miongoni mwa waliofukuzwa na waliofukuza walikuwamo watu wa kazi moja na mshahara mmoja. Waliwahi kusimama pamoja katika foleni ya malipo, lakini hawakuwahi kuzikana. Hapo ndipo tunapoona upungufu wa mfuko wa watu wa upande mmoja tu. Humfunza mtu kumlilia wa kwao, wala haumfunzi kumlilia mwenzake wa kazini.

Wapo watakaosema kwamba fedha zetu ni chache na kwamba wageni watazimaliza. Hofu hiyo ina haki ya kujibiwa kwa hesabu, wala si kwa maneno matamu. Kwa hiyo shauri lililo mbele yenu lataka kila mwanachama mpya achange miezi kamili kama sisi tulivyochanga kabla ya kupata msaada. Atakayetoa sawa na apokee sawa.

Basi tutakapoitwa kuinua mikono, tuwakumbuke wale wa Kiwanja cha Maskini. Hawakuulizana kwanza wametoka wapi.