Mwandishi wa Habari na Somo la Sayansi

Mwezi wa Agosti 1835 gazeti la The Sun la New York lilichapisha makala sita mfululizo juu ya viumbe wa mwezini. Wasomaji waliambiwa kwamba Sir John Herschel, bingwa wa elimu ya nyota aliyekuwa akifanya kazi wakati ule kwenye Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, amepata darubini kubwa mno, na kwa darubini hiyo ameona misitu, wanyama, na hata watu wenye mabawa kama ya popo. Herschel mwenyewe hakuwa na habari. Darubini hiyo haikuwako, wala watu hao hawakuwako. Hata hivyo wengi waliamini, na magazeti mengine yakazinakili makala hizo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini gazeti laweza kuirefusha.

Yafaa sisi walimu wa lugha tuutafakari uongo huo, kwani haukusitirika nyuma ya lugha mbovu. Makala hizo ziliandikwa kwa ufasaha, zikajaa vipimo na istilahi. Kilichopungua katika ofisi za magazeti yaliyozinakili ni mtu wa kuuliza: Ushahidi uko wapi? Nani mwingine ameona? Kioo cha ukubwa huo chaweza kutengenezwa vipi?

Zama hizo uandishi wa habari haukuwa somo la chuo. Kijana aliingia katika nyumba ya kupigia chapa, akajifunza kupanga herufi, na akijaliwa akawa mhariri. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1908, Chuo Kikuu cha Missouri kilipofungua shule ya uandishi wa habari chini ya Walter Williams, mhariri ambaye mwenyewe hakupata kusoma chuo kikuu. Huko mkazo uliwekwa katika kazi ya mikono: wanafunzi walitoa gazeti lao siku ile ile ya kwanza ya masomo.

Njia ya pili ilifikiriwa na Joseph Pulitzer. Huyu alizaliwa Hungaria mwaka 1847, akafika Marekani mwaka 1864 akiwa hakijui vema Kiingereza, na kazi ya uandishi akaianzia katika gazeti la Kijerumani mjini St. Louis. Mwaka 1883 alinunua The World la New York. Hatuna budi kusema kweli: katika miaka ya 1890 gazeti hilo lilishindana na lile la William Randolph Hearst kwa habari zilizotiwa chumvi nyingi. Lakini mtu huyo huyo, alipokwisha kuwa karibu kipofu, alitoa fedha ili Chuo Kikuu cha Columbia kianzishe shule ya uandishi wa habari. Mwezi wa Mei 1904 aliandika makala ndefu kuwajibu waliosema kwamba mwandishi huzaliwa, hafundishwi. Humo alieleza masomo anayoyataka: sheria, historia, uchumi, takwimu, lugha za kigeni, na kadhalika sayansi ya maumbile. Alifariki mwaka 1911. Shule ikafunguliwa mwaka 1912.

Kwa nini sayansi? Sisi tunaona kwamba haja haikuwa kumgeuza mwandishi awe mkemia. Somo la mwanzo la fizikia au la elimu ya viumbe humzoesha mtu kupima, kurudia jaribio, na kutofautisha kilichoonekana na kilichodhaniwa. Hayo ndiyo yaliyotakiwa mwaka 1835. Matunda yake yalionekana baadaye. Mwaka 1934 waandishi wa habari za sayansi nchini Marekani waliunda chama chao. Na mwaka 1937 watano kati ya waandishi wa fani hiyo, mmoja wao Gobind Behari Lal aliyezaliwa India, walipewa tuzo lenye jina la Pulitzer.

Je, kwetu? Mafunzo ya uandishi wa habari yalianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, shule ya Dar es Salaam ikafuata mwaka 1975, na Makerere ikaanzisha masomo hayo mwaka 1988. Lakini mwandishi wa Kiswahili ana mzigo ambao mwenzake wa New York hakuubeba. Aghalabu sayansi aliisoma kwa Kiingereza au Kifaransa, na sasa yampasa kuieleza kwa Kiswahili. Akikosa istilahi, hukosa pia fikra iliyo ndani yake. Chukua neno “vijidudu”. Mwandishi akilitumia kwa bakteria na kwa virusi bila kubagua, msomaji ataamini kwamba dawa ya kuua bakteria itamponya mafua, naye atakwenda kuinunua. Kosa hilo la neno moja huingia mwilini mwa watu.

Vifaa vya kulizuia tunavyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na maradhi ya mwaka 2020 yalipozuka, Kiswahili kilipata jina lake, UVIKO-19. Istilahi zisizofundishwa, hata hivyo, hubaki kabatini. Basi ni wajibu wetu tunaofundisha katika vyuo kushirikiana na walimu wa sayansi: tuchague habari moja ya gazeti kila juma, mwenzetu apime ukweli wake, nasi tupime maneno yake, na mwanafunzi aiandike upya. Kazi hiyo haihitaji fedha za Pulitzer. Yahitaji saa moja, gazeti, na walimu wawili wanaokubali kukaa darasa moja.